Kaiti, Mwani na Ngalawa: Namna ya Kugawana Pwani ya Paje Bila Kukoseana

Paje, kwetu mashariki ya Unguja, maji yakitoka, yanatoka kweli. Asubuhi ya bamvua, siku za maji makubwa, unaweza kutembea kuelekea mwambani mpaka ukigeuka nyuma hoteli zinaonekana kama viberiti vilivyopangwa, na njia nzima hujalowa kupita magoti. Rudi pale pale saa kumi jioni, utakuta kina cha kumfunika mtu mzima na juu yake kaiti za kila rangi, yaani tiara kubwa zinazowavuta watu waliosimama kwenye mbao majini. Ndani ya siku moja pwani hiyo imekuwa shamba, njia ya baiskeli, bandari ya ngalawa, mahali pa kupandia kaiti na uwanja wa mpira. Ugomvi mwingi nilioushuhudia tangu nianze kufundisha kaiti ulianza hivi: mtu alifika saa ya mwenziwe akadhani ni yake.

Nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii, na wageni wanaotoka Dar, Nairobi au Muscat na kaiti zao mgongoni. Kanuni yangu ni kwamba anayecheza humpisha anayechuma. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuitimiza.

Hatua ya 1: Uliza maji kabla ya kuuliza upepo

Wapanda kaiti huamka na simu mkononi kutazama upepo una kasi gani. Si vibaya, lakini kusi (upepo wa kusini) likishashika, kuanzia Juni mpaka Septemba, au kaskazi (upepo wa kaskazini), kuanzia Desemba mpaka Machi, upepo hautakukimbia. (Wakati wa tanga mbili, kati ya misimu hiyo, hata ukiitazama simu usiku kucha haitakusaidia.) Kinachoamua utacheza wapi na utamkuta nani ni maji.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Siku hizo, kwetu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, na baada ya wiki moja yanakuwa maji mafu, ambayo hayatoki sana wala hayajai sana.

Piga hesabu hiyo kabla hujapakia pampu ya kujazia kaiti hewa. Asubuhi ya bamvua ni zamu ya wakulima wa mwani, ya wanaotafuta pweza kwenye mawe, na ya watoto wanaookota chaza. Jioni yake, mashamba yakiwa yamefunikwa na kina cha kutosha, ndiyo zamu yako. Siku za maji mafu ndizo za kuwa macho zaidi. Vigingi vya mwani havitokezi nje, lakini maji yaliyo juu yake ni machache, na ubao ukipita kwa kasi hukwama.

Hujui mwezi uko wapi? Muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutoa simu mfukoni.

Hatua ya 2: Tembea pwani mikono mitupu

Acha kaiti kwenye begi. Tembea dakika 15 upande mmoja, kisha urudi. Unatafuta vitu ambavyo ukiwa majini hutaviona.

Tazama ngalawa zimefungwa wapi. Kamba ya nanga ikilegea hulala mchangani mithili ya nyoka aliyeshiba, maji yakiikaza hupanda hadi kiunoni. Tazama vigingi vya mwani vinaanzia na kuishia wapi. Na yale marundo ya mawe unayoyaona ufukweni, hasa ukielekea Jambiani, si mabaki ya ukuta. Chini yake kuna makumbi ya nazi yaliyofukiwa miezi kadhaa yalainike, yaje kupondwa yatoe usumba wa kusokota kamba. Nimemwona mtu akiyahamisha mawe hayo apate nafasi ya kutandaza kaiti. Alikuwa anabomoa ghala la mtu.

Unapopita, salimia. Ukimkuta mama wa makamo anafunga mbegu za mwani kivulini, anza na shikamoo, ngoja marahaba, kisha habari za kazi. Halafu ndiyo uliza: "Mama, shamba lenu leo linaishia wapi, tusije tukakanyaga?" Atakuonyesha kwa kidole, pengine atakutajia na la jirani yake. Mashamba yale hayana uzio, lakini kila kamba ina mwenyewe na wote wanajuana. Swali hilo moja linakupa ramani ambayo huwezi kuinunua, na tena siku utakapokosea utakuwa unamkosea mtu anayekujua.

Picha, usipige bila ruhusa. Ukikataliwa usijifanye unaipiga bahari.

Hatua ya 3: Tandaza kwa ufupi, kunja mara moja

Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 hadi 24. Ni nyembamba kama mshipi wa kuvulia, na juu ya mchanga wetu mweupe hazionekani. Pwani ya Paje ni barabara. Baiskeli hupita, gari la ng'ombe hupita, watoto wa madrasa hupita wakikimbizana.

Msimu mmoja wa kusi, mgeni alilaza kamba zake kuanzia kwenye minazi mpaka majini, akaziunganisha na kaiti, akaenda kunywa kahawa. Muuza samaki akaja na baiskeli, tenga nyuma, mbio awahi wateja wa Bwejuu. Upepo ukaisukuma kaiti kidogo tu, kamba zikainuka shibiri mbili kutoka chini. Ziliunasa usukani. Mzee alikwenda upande mmoja, tenga upande wa pili, changu na tasi wote wakavaa mchanga. Mgeni akaja mbio, na kabla hajafika alikuwa ameshatoa pochi. Mzee akajipangusa, akamtazama, akasema: "Kijana, ungeniuliza kwanza kama nimeumia."

Samaki walilipwa. Lakini mpaka leo yule mzee akifika penye kaiti hushuka, akaikokota baiskeli.

Kwa hiyo pampu kwanza, kamba baadaye. Usizitandaze mpaka uko tayari kuruka ndani ya dakika kumi, na ukizitandaza usiondoke. Zipange sambamba na maji, juu karibu na minazi, uache mchanga mgumu wa chini kwa wapita njia. Kaiti iliyojazwa hewa ilaze kifudifudi, mgongo wake uuelekee upepo, na juu yake weka mchanga wa kutosha. Wengine huweka ubao badala ya mchanga. Upepo ukibadilika, ubao huo huruka pamoja na kaiti.

Hatua ya 4: Rusha kaiti ukiwa na msaidizi na nafasi

Chora akilini duara la urefu wa kamba zako, kisha liongeze mara mbili upande wa demani, yaani upande ule upepo unakoelekea. Mita 50 za demani ziwe tupu: pasiwe na mtu, ngalawa, mnazi wala mwavuli wa hoteli. Kaiti ikikushinda, huko ndiko itakakokupeleka, na haitakuuliza. Kamba iliyokazwa hukata nyama.

Msaidizi awe anayejua. Watoto watakuja wenyewe kujitolea, kwa sababu kurusha kaiti ya mtu ni sifa mtaani. Wasalimie, wape nafasi ya kutazama, ila wasishike. Ishara ni mbili tu: dole gumba juu maana yake achia; mkono ukigonga kichwani maana yake nataka kutua. Kabla ya dole gumba, gusa kifyatulio cha dharura, kile cha kuiondolea kaiti nguvu, uhakikishe mkono unakijua hata macho yakifumba. Kaiti ikishapaa iweke upande wa maji, chini chini, uingie baharini mara moja. Anayesimama ufukweni na kaiti juu ya kichwa anapiga soga ndiye anayetupa jina baya.

Na malipo ya msaidizi mkubaliane kabla ya kuruka.

Hatua ya 5: Majini, jua nani anampisha nani

Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza kabisa, muogeleaji hapishi mtu. Yeye ni kichwa tu juu ya maji, hana kaiti ya kumfanya aonekane, na mara nyingi hajui kama yuko njiani. Mkwepe kwa upande wa demani yake, ili ukianguka upepo usikutupe juu yake.

Ngalawa yenye tanga nayo huipishi kwa hisani, unaipisha kwa lazima. Sisi tunageuka kwa kuvuta mpini wa kaiti tulioushika. Nahodha wa ngalawa akitaka kubadili upande wa tanga inabidi foromali lote, ule mti unaobeba tanga, lizungushwe mbele ya mlingoti, mtu ashike kamba, mwingine ahamie upande wa pili wa chombo. Huwezi kumwambia "mzee, sogea kidogo." Pita nyuma yake, tezini, kwa mbali. Usikatize mbele, na usikae joshini mwake, yaani upande ule upepo unakotoka. Ukiangusha kaiti ukiwa joshini kwake, kamba zako zinakwenda moja kwa moja kwenye mlingoti, na hapo kuna watu watatu ambao hawakuomba kucheza nawe.

Baina ya wapanda kaiti wenyewe, kanuni ni zile zinazotumika duniani kote, ila zina namna yake ya kukaa Paje. Mkikutana uso kwa uso, anayepokea upepo kwa mkono wa kulia ana njia, anayeupokea kwa kushoto anapisha. Pwani yetu inatazama mashariki. Wakati wa kusi, anayetoka kwenda mwambani anaupata upepo kwa kulia, kwa hiyo yeye ndiye mwenye njia. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, na anayerudi ufukweni ndiye mwenye upepo wa kulia. Waliojifunza mwezi wa Julai hurudi Januari na mazoea ya Julai, na sijui niwaambie mara ngapi. Mwenye njia naye ana wajibu wake: ashike mwelekeo mmoja asiyumbe, ili mwenziwe ajue anamkwepa vipi.

Karibu na ufukwe kanuni hiyo hukaa pembeni. Anayeingia majini anapewa nafasi na anayerudi, misimu yote. Pale ufukweni kaiti yake haijatulia, miguu yake haijakaa kwenye ubao, na nyuma yake kuna watu.

Mkipishana, aliye joshini huinua kaiti yake juu, aliye demani huishusha. Kamba hazigusani. Msipofanya hivyo hufungamana, na kamba za watu wawili zikifungamana huku kaiti zote zinavuta, sitaki kukuelezea. Anayempita mwenziwe kwa nyuma ndiye wa kukwepa. Na kabla ya kuruka juu, geuza shingo utazame demani. Mtu akiruka hatui alipotokea, upepo humsogeza. Mita 50 ziwe wazi. Wanaoruka karibu na ufukwe ili wapigwe picha, naona heri waende mbali na mpiga picha anunue lenzi.

Wenye foili wana sharti la ziada. Chini ya ubao wao kuna mguu mgumu wa karibu sentimita 70 hadi 90 wenye mabawa makali. Maji ya Paje yakianza kutoka, huo ni mkuki unaotembea. Wabaki kwenye kina karibu na mwamba, mbali na waogeleaji, na watoke mapema. Jetiski, kwa maoni yangu, haina kazi ndani ya eneo la mwani na waogeleaji. Ipelekwe nje polepole, ipige kelele zake huko.

Hatua ya 6: Shamba la mwani ni shamba

Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliolima mwani tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo hapa siwezi kujifanya sina upande.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na Paje na Jambiani zilikuwa mstari wa mbele. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameufanyia mwani wetu utafiti kwa miaka. Wakulima wengi, tangu mwanzo mpaka leo, ni wanawake. Shamba lenyewe ni vigingi viwili viwili vilivyopigwa mchangani, kamba imekazwa kati yake, na kwenye kamba vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa taitai, vijikamba vyembamba. Mavuno huja baada ya wiki sita hivi. Halafu hubebwa ukiwa umelowa, mzito kama mtoto aliyelala, mpaka ufukweni kuanikwa. Miaka ya karibuni maji yamekuwa ya moto kupita kawaida, na ile aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri, hufa kabla ya kukomaa. Anayelima leo anaambulia kwa jasho zaidi.

Sasa fikiria kaiti imeanguka hapo. Mwanafunzi wangu mmoja iliwahi kumtokea. Maji yalikuwa yanatoka, mimi nilikuwa upande mwingine, naye akapitiwa mpaka akaingia shambani. Kaiti ikaanguka. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote angefanya kwa hofu, yaani kuivuta kamba kwa nguvu airushe tena. Kamba zikapita chini ya safu, kaiti ikainuka, na safu nne zikang'oka na vigingi vyake. Mwani ukaanza kuelea kuelekea Jambiani.

Bibi mwenye shamba alikuwa umbali wa kama mita 60, amejifunga kanga kiunoni, maji mapajani. Hakupiga kelele. Alianza kukusanya vile vipande vinavyoelea, kimoja kimoja, akivitia kwenye kiroba. Tulimfuata tukakusanya naye. Saa nzima hakuna aliyesema neno isipokuwa "kile pale." Tulipomaliza nikamwambia, "Bibi, tumekosa, tusamehe. Tutakuja kesho maji yakitoka turudishe kamba." Akajibu: "Kesho njooni mapema, na huyo mwenzako aje na viatu. Kuna miba."

Tulikwenda. Kufunga mbegu kwenye safu nne kulituchukua asubuhi nzima na mgongo ukatuma salamu. Mwanafunzi alilipa pia fidia ya mwani uliopotea, kiasi alichokitaja bibi mwenyewe, bila kupatana.

Ukianguka shambani, fuata mpangilio huu. Usirushe kaiti tena. Fyatua, acha ilegee, shuka usimame. Zungusha kamba kwenye mpini ukiwa unaifuata kaiti, ukizitoa kwenye vigingi kwa mkono, sio kwa kuvuta. Tembea katikati ya safu, si juu yake. Kama umekata kitu, usisubiri kuulizwa: mtafute mwenye shamba, na usipomjua, mwambie mama yeyote aliye karibu, jioni atakuwa ameshajua. Nenda wewe mwenyewe badala ya kumtuma mhudumu wa hoteli. Fidia inapokewa vizuri zaidi mkono ukiwa umeshalowa.

Kutenga njia pia kunasaidia. Sisi tulikubaliana na wakulima wa karibu nasi kwamba tunatokea sehemu moja tu, nao hawapigi vigingi hapo. Hakuna karatasi iliyotiwa saini. Kuna vigingi viwili vyenye vitambaa vyekundu, na kila bamvua mtu anakwenda kuvikagua.

Hatua ya 7: Tua, kunja, uondoke kama ulivyokuja

Ukitaka kutua, gonga kichwa, ngoja msaidizi akuone na ajibu kwa ishara ile ile. Anayetua na anayerusha wasiwe sehemu moja. Kaiti ikishashikwa, zungusha kamba papo hapo.

Ukipoteza ubao, utangaze. Ukikaa kimya, mvuvi atakayeuona ubao mtupu unaelea atadhani mwenyewe amezama, na ataacha nyavu zake akutafute. Akikuletea, mshukuru na umuulize amepoteza nini kwa ajili yako. Na ukirudi salama baada ya kupotea machoni pa watu, wajulishe wote walioanza kukutafuta, hata kama unaona haya.

Kuingia kijijini, jifunge kanga au vaa shati na kaptura ndefu. Nguo za kuogelea zinaishia mchangani. Adhana ikilia, punguza muziki. Mwezi wa Ramadhani, chupa ya maji na mkate wako vipeleke ndani ya hoteli badala ya kula mbele ya watu waliofunga, hasa waliokuwa wakikusaidia kukunja kaiti.

Na fanya haraka kukunja, maana jioni, maji yakianza kuupisha mchanga, vijana huja na mpira. Hawatakwambia uondoke. Watapima tu uwanja wao kwa hatua kama kila siku, na kama ubao wako bado umesimama pale, utageuka mlingoti wa goli.